MKAIDI AU MWENYE MSIMAMO?

Kiingereza kina maneno tele ya kumtaja mtu asiyebanduka katika maoni yake: "firm", "stubborn", "obstinate", hata "pig-headed", eti ana kichwa cha nguruwe! (Nguruwe amewakosea nini?) Mwanafalsafa Bertrand Russell alitania katika redio ya BBC mwaka 1948 kwamba tabia ni ile ile: nikiwa nayo mimi ni uthabiti, ukiwa nayo wewe ni ukaidi, akiwa nayo yule asiyekuwepo ni upumbavu.

Sisi je? Mbishi hupenda kujibizana, mkaidi hukataa kusikia, mshupavu hatishiki. Hayo si mamoja, lakini hapa shuleni kila mtu ni "kichwa ngumu" tu. Ukiuliza swali mara mbili darasani, tayari wewe ni kichwa ngumu. Huo naona ni uvivu wa ulimi.

Mtazame Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, hapa hapa Nyeri. Mwaka 1989 alipopinga kujengwa kwa jumba la ghorofa 60 katika Uhuru Park, alishambuliwa kwa maneno hadi bungeni. Yeye akazidi kuandika barua. Jumba halikujengwa, na mwaka 2004 akapata Tuzo ya Amani ya Nobel.

Wazee husema mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Basi kama huyu alikuwa mkaidi, methali imekosea. Na kama methali ni kweli, basi jina ndilo lililokosewa. Mimi nashikilia hilo la pili, na mniite kichwa ngumu mkitaka.