Mama wa Hanang hana ndege ya India

Kijana wa kijiweni Kariakoo, huenda mama yako yuko Katesh au Dongobesh. Ana uvimbe kwenye titi, hasemi. Anaona haya, na nauli hana.

Marekani vifo vya saratani ya matiti vimepungua kwa zaidi ya asilimia 40 tangu 1989. Si uchawi: wanapimwa mapema, wanatibiwa mapema. Hapa kwetu wagonjwa wanaongezeka, na kiasi cha wanawake 8 kati ya 10 hufika hospitali ugonjwa umekwishakomaa.

Mbulu wana Hospitali ya Haydom tangu 1955, kazi ya wamisionari wa Kilutheri, si ya serikali. Anayepewa rufaa ya Ocean Road, Dar es Salaam, husafiri zaidi ya kilomita 600. Wakubwa wakiugua hupanda ndege kwenda India. Mama wa Hanang huuza mbuzi apande basi.

Tunasema wazi: wauguzi wa kila zahanati wafundishwe kupima matiti, na serikali ilipe nauli ya rufaa. Nawe kijana, piga simu nyumbani leo, umwulize mama. Kura ni siri; uvimbe usiwe siri.