Farasi 190, Bibi Hana pa Kukaa



Msimu wa harusi ukiingia, dukani kwetu tunasikia mengi zaidi ya vipimo vya kiuno. Siku hizi tunasikia gari. Biharusi anapimwa mkono, huku mkono wa pili anatuonesha simu: kigari kidogo cha juu, chekundu, rimu zinameremeta. "Hii ina turbo, dada. Nimemwambia sitaki ile ya kawaida." Kaka yake aliyemleta anacheka na kuunga mkono: gari isiyo na nguvu ni gari ya wazee.

Tumekaa kimya muda mrefu kwa sababu mteja ni mteja. Leo tunasema wazi kuwa tunapinga. Na tunapinga kwa haki, maana kosa hilo tulilifanya sisi wenyewe.

Sisi ni mafundi watatu wa nguo za maharusi. Tulicheza upatu miaka miwili ili tununue gari ya kazi. Tulipofika kuchagua, mbele yetu palikuwa na mbili: moja ya kawaida yenye nafasi, na moja ya turbo, ndogo nyuma lakini ukikanyaga mafuta inaruka. Tuliijaribu ile ya turbo barabarani, tukacheka kama wasichana wa skuli, tukalipa. Hakuna hata mmoja wetu aliyefungua buti.

Harusi ya tatu ikatufundisha. Ilikuwa Jambiani. Tulikuwa na gauni lenye ringi ndani, masanduku mawili ya mapambo, na ahadi: kumpitia bibi yake biharusi hapo Tunguu, yule aliyemlea tangu mdogo. Gauni likakataa kuingia kwenye buti. Tukalaza siti za nyuma, gauni likaenea, na sisi wawili mbele. Tulipofika Tunguu bibi yuko barazani, kanga mpya, mkoba mapajani. Hapakuwa na pa kumweka. Tukamwambia, "Bibi, tunakwenda kushusha, tunarudi sasa hivi. Gari hii ni ya mbio."

Ya mbio kweli, lakini wapi? Kuna lori la mchanga mbele, kuna watoto wanatoka chuoni, na pale Jozani kuna matuta ya kuwalinda kima punju. Tulikwenda, tukashusha, tukarudi kumchukua. Tulipofika naye, biharusi ameshatolewa. Bibi ndiye aliyetakiwa kuwa wa kwanza kumwekea mkono kichwani na kumwombea dua. Hakutulaumu. Alisema tu, "Mngeniambia mapema, ningepanda gari ya shamba."

Hilo neno tunalo mpaka leo.

Sasa tuzungumze gari zenyewe. Chukueni Nissan Juke, ambayo wengi wenu mnaipenda. Ya injini ya lita 1.5 ina nguvu za farasi zipatazo 114. Ya lita 1.6 yenye turbo inafika 190. Umbo ni lile lile, na paa lile lile linaloshuka nyuma. Kwenye matoleo ya mwanzo, yaliyotoka mwaka 2010, buti ilikuwa lita 251 tu. Farasi 76 zaidi, na bibi hajaongezewa hata inchi moja ya kukaa. Na hao farasi 190 hawatoki wote mpaka injini izunguke mara 5,600 kwa dakika. Nani anafika huko akiwa na mtoto mgongoni kwa siti, chungu cha pilau kwenye buti na mama mkwe pembeni? Kisiwa chetu cha Unguja, kutoka ncha hadi ncha, ni kilomita 85 hivi.

Kuna na matunzo. Ile ya turbo, Japani kwenyewe imepangiwa petroli ya daraja la juu, yenye oktani kubwa. Turbo huzunguka kwa kasi ya ajabu kwenye joto kali, na uhai wake ni oili: safi, ya aina iliyoandikwa, na kwa wakati. Anayenunua kwa kujibana hafanyi hivyo. Anatia oili ya bei rahisi, anachelewesha, halafu anakuja kulia kwa fundi.

Dada zetu wa Pemba watatujibu: "Nyinyi mnakaa tambarare, sisi tuna milima." Ni kweli, na hatukatai. Gari yenye watu watano kwenye kilima, turbo inasaidia, maana inavuta vizuri hata injini ikiwa bado iko chini. Anayepanda vilima kila siku na mizigo ana sababu. Lakini huyo amepima kilima chake. Wengi tunaowaona hawana kilima, wana majirani.

Linganisheni na Honda Vezel, au hata Honda Fit ya chini. Tangi la mafuta wameliweka chini ya siti za mbele. Kwa hiyo siti ya nyuma inalala mpaka chini, na ukitaka, unakunja makalio ya siti juu, kitu kirefu kinasimama wima nyuma ya dereva. Sanamu letu la kuvalisha nguo linasimama humo. Vezel nayo ina kasoro: vitasa vya milango ya nyuma vimefichwa juu, mtoto mdogo havifikii, kama ilivyo kwa Juke. Lakini aliyeitengeneza alifikiria mzigo.

Na hili ndilo linalotuuma zaidi. Tunamjua kijana aliyekuwa na pesa za gari ya kawaida, taslimu. Mchumba akataka ya turbo, kijana akakopa tofauti. Ndoa imeanza na deni, kwa ajili ya sauti ya injini. Tukiulizwa israfu ni nini, tunataja chakula kinachomwagwa ukumbini. Mbona hii hatuitaji? Tunausoma wasia wa Luqman kwa mwanawe, mwendo wa kati na sauti ya chini, kisha tunakwenda kununua mngurumo.

Kwa hiyo, biharusi wetu, kabla hujasema "naitaka ile," nenda nayo hivi. Fungua buti mwanzo, kabla hujawasha injini. Weka sanduku lako humo. Mkalishe mama au bibi siti ya nyuma, umtazame magoti na kichwa, na umwache afungue mlango mwenyewe. Laza siti. Muulize fundi wako, si muuzaji, oili na plagi zake ni bei gani. Vyote vikikaa sawa na pesa ipo bila deni, basi chukua farasi unaowataka, Allah akubarikie.

Sisi yetu tumeiuza, kwa hasara. Tuliyonunua baadaye haina mbio. Safari yake ya kwanza tulikwenda Tunguu kumchukua bibi, tukamzungusha mpaka Jambiani kwa mjukuu wake. Alikaa nyuma, akanyoosha miguu, akalala njia nzima.

Wabillahi tawfiq.