KONA YA MWALIMU: Moshi nao unapimwa



Mwezi uliopita mtoto mmoja wa darasa la tatu alikosa masomo siku tisa sababu ya kukohoa. Nilipofika kwao nikakuta mama anapika kwa kuni ndani, mlango umefungwa kwa ajili ya mvua. Akaniambia, "Mwalimu, moshi ni moshi tu, sisi tumekulia humo." Sikuwa na jibu zuri. Leo ninalo.

Ndani ya moshi mna chembe ndogo sana. Zile za hatari ni nyembamba kuliko unywele mara 30 hivi, kwa hiyo zinapita puani na kufika ndani kabisa ya mapafu. Jicho haliwezi kuzihesabu, ila kifaa kinaweza.

Mwaka 2015, katika mji wa Stuttgart, Ujerumani, raia wa kawaida walianza kujiundia kifaa hicho. Feni ndogo inavuta hewa, mwanga wa leza unaimulika, na chembe zinazopita zinatawanya mwanga huo. Kompyuta ndogo inapiga hesabu, inatuma namba kwa intaneti. Vyote wakavitia ndani ya viungo viwili vya bomba la plastiki, vile vya fundi bomba. Michoro na programu wakaviacha wazi, anayetaka anakili bure. Leo vifaa hivyo viko nchi nyingi.

Kampala nako, mwaka huohuo, watu wa Chuo Kikuu cha Makerere walianzisha AirQo. Wakaunda vifaa vyao vya kuvumilia joto na vumbi la kwetu, vingine wakavifunga kwenye bodaboda.

Vina kasoro. Unyevu ukizidi, matone ya ukungu yanahesabiwa kama vumbi, ndiyo maana wataalamu huvilinganisha na mashine za bei kubwa. Tena kifaa hakifukuzi moshi. Kinatuonyesha tu ulipo.

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2021 kwamba wastani wa chembe hizo kwa mwaka usizidi maikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Kuni ndani ya chumba kilichofungwa hupita hapo mara nyingi sana.

Basi wazazi, kifaa hatuna, lakini tuanike kuni zikauke, jiko tulitoe nje chini ya kibanda, na mvua ikinyesha tuache mlango wazi. Mtoto mchanga asibebwe mgongoni wakati wa kupika.

Yule mama sasa anapikia barazani. Mtoto amerudi darasani, bado anakohoa kidogo.

Wenu, Mwalimu