Mkaguzi Akifika Kituoni, Ataomba Daftari Kwanza

Katika makanisa yetu ya mashariki, habari kwamba serikali itatuma wakaguzi katika vituo vya watoto huleta mbio za aina moja. Kuta hupakwa chokaa, mashuka mapya hutolewa sandukuni, watoto hufundishwa wimbo wa kumpokea mgeni, na mzee mmoja hutumwa kutafuta mbuzi. Sisi wenyewe tumekwisha kufanya hivyo. Tulipokaa na kamati ya kituo kimoja cha kanisa huko Mahagi-Port, kando ya Ziwa Albert, maandalizi yalikuwa yameanza vilevile. Tukaomba jambo moja tu: tuone daftari la watoto.

Daftari lilikuwepo. Majina mengi yalikuwa ya ubatizo peke yake. Tarehe ya kuingia ilikuwepo kwa wengine, kwa wengine hakuna. Hakuna mtoto hata mmoja aliyeandikwa kuwa ametoka, ingawa kila mtu alijua kwamba wakubwa kadhaa wamekwisha kuondoka. Na katika nafasi ya wazazi limeandikwa neno moja, kutoka juu ya ukurasa mpaka chini: yatima. Mama mpishi akatuambia kwa sauti ya chini kwamba bibi wa mmoja wao anauza samaki wa chumvi sokoni, si mbali na hapo.

Sheria ya nchi yetu juu ya ulinzi wa mtoto, namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inasema mtoto aliye katika hali ngumu awekwe katika familia, au katika kituo cha serikali au cha watu binafsi kilichokubaliwa. Mfanyakazi wa jamii anapaswa kuchunguza hali yake, na mahakama ya watoto ina neno juu yake. Katiba nayo, katika kifungu cha 41, inampa mtoto haki ya kujua majina ya baba na mama yake. Kwa hiyo mkaguzi anayejua kazi yake hataanza na rangi ya ukuta. Atauliza: mtoto huyu yuko hapa kwa sababu gani, nani alimleta, nani wa ukoo wake ametafutwa? Tukijibu kwa neno "yatima" tu, tumefuta ukoo mzima kwa kalamu.

Hatusemi haya kwa kuwadharau walioanzisha vituo hivi. Wasomaji wetu wa Ituri wanajua jinsi watoto walivyofika. Tangu mwisho wa mwaka 2017 vita vya Djugu vimesukuma watu kuelekea Mahagi na ng'ambo ya ziwa, Uganda. Barabara ya taifa namba 27 imekuwa barabara ya hofu. Mwaka 2020 ziwa lenyewe likapanda na kuwatoa watu wa pwani katika nyumba zao. Mtoto anashushwa katika mtumbwi pamoja na jirani ambaye hajui jina la baba yake. Usiku ule mtu hutafuta mkeka na uji, hatafuti fomu. Lakini asubuhi ilikuja, kisha mwezi, kisha miaka, na hakuna aliyerudi kuuliza.

Kuna ndugu wanaosema: serikali haijatupa hata kilo moja ya maharagwe, leo inakuja kutudai hesabu? Neno hili lina uzito. Tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa kijeshi, na maofisa wa Mambo ya Jamii ni wachache, mara nyingi bila pikipiki wala mafuta. Wengine wao huomba "motisha" kabla hawajafungua kalamu. Siku moja ofisa mmoja alituandikia ripoti nzuri bila kukanyaga chumba cha kulala cha watoto. Tulifurahi sana. Leo tunaona aibu, kwa sababu chumba kile kilikuwa na wavulana wawili wawili katika kitanda kimoja, na ripoti nzuri haikuwaongezea hata godoro. Tunachoshauri ni hiki: malipo yaliyo ya halali yalipwe kwa risiti, na mkaguzi ale kile wanachokula watoto.

Upepo huu hauvumi kwetu tu. Rwanda ilihesabu vituo 33 na watoto 3,323 mwaka 2012, ikaanza kuwarudisha katika familia. Kenya ilisimamisha kusajili vituo vipya mwezi wa Novemba 2017. Kinshasa ilifunga ruhusa za kuwatoa nchini watoto walioasiliwa tarehe 25 Septemba 2013, kwa sababu karatasi hazikuaminika tena. Na tuseme wazi jambo ambalo kamati nyingi hazilisemi: fedha za wafadhili huja kwa hesabu ya vichwa. Mtoto akirudi kwa shangazi yake, bajeti inapungua. Hapo ndipo Luka 16, yule msimamizi aliyeitwa atoe hesabu, inatugusa kuliko Yakobo 1:27 tunayoihubiri kila Jumapili ya mayatima.

Kuna mambo mengine ya kuweka sawa. Makanisa mengi hudhani utu wa kisheria wa kanisa unatosha. Kituo kinahitaji ruhusa yake chenyewe. Kila mtoto awe na faili lake, na kadi ya chanjo ndani. Anayelala na watoto usiku ajulikane kwa jina na kwa mkataba. Mgeni asiachwe peke yake na mtoto, hata akiwa mfadhili kutoka Ulaya, hata akiwa mchungaji. (Tulipolisema hili, wazee wawili walikasirika. Tukalirudia.) Na mkaguzi akitaka kuzungumza na watoto bila sisi, tutoke nje.

Kamati ya Mahagi-Port imeahirisha kununua rangi. Fedha ile imelipa nauli ya shemasi mmoja na mama mmoja, wavuke ziwa mpaka Panyimur wakiwa na orodha ya majina, waulize katika makanisa ya huko. Bibi muuza samaki aliitwa, akakaa na kamati nusu siku. Alisema hakumtupa mjukuu wake. Aliambiwa kwamba kituoni atasoma. Amekubali kumchukua, mradi asaidiwe sare na madaftari, na mtu aje kumwona mtoto kila mwezi. Mhazini ameandika haya katika faili na bibi ameweka kidole gumba. Mvulana mwenyewe, alipoulizwa, alitaka kujua kwanza kama ataruhusiwa kuja kucheza mpira kituoni siku za Jumamosi.