"Imethibitishwa maabara", lakini kwa nywele za nani?

Watu wangu, leo nataka tuongee kuhusu haya maneno mawili yanayobandikwa kwa kila chupa ya mafuta ya kukuza nywele siku hizi: "imethibitishwa maabara." Mtu anashika chupa mbele ya kamera, nywele zake zimejaa (mara nyingi ni wigi, lakini hiyo ni stori ya siku nyingine), anatamka hayo maneno, na wewe unatoa pesa.

Maoni yangu ni haya. Maneno hayo yanaweza kuwa ya kweli kabisa na bado yasikuambie chochote kuhusu kichwa chako. Maabara haikuwa na kichwa chako. Ilikuwa na kitu kingine kilichosimama mahali pake, na swali la maana ni kitu gani hicho.

Mara nyingi ni panya. Kuna panya mweusi wa maabara anaitwa C57BL/6, na kama umewahi kusoma utafiti wowote wa mafuta ya nywele, pengine umekutana naye. Akifika karibu wiki saba, manyoya ya mgongo wake yanapumzika yote, na ngozi chini yake inakuwa ya pinki. Unamnyoa mgongo, unampaka dawa, unangoja. Vinyweleo vyake vikianza kazi, ngozi inageuka kijivu halafu nyeusi, kwa sababu rangi hutengenezwa wakati unywele unakua tu. Ndani ya wiki chache una picha za kabla na baada, safi kabisa.

Mimi sidharau hilo jaribio. Linajibu swali moja vizuri sana: je, hiki kitu kinaweza kuamsha kinyweleo kilicholala? Shida ni kwamba hilo swali ni la panya. Vinyweleo vya panya mchanga hulala pamoja na kuamka pamoja, kama wanafunzi wa bweni wakisikia kengele. Vya kichwa cha binadamu, kila kimoja kina kalenda yake. Kwa mtu mwenye afya, karibu asilimia 85 hadi 90 ya nywele za kichwa ziko kwenye kipindi cha kukua sasa hivi unaposoma, na kipindi hicho huchukua kama miaka 2 hadi 6. Cha panya ni wiki mbili, tatu hivi. Kwa hivyo unauziwa kengele ya kuamsha watu ambao wengi wao wameshaamka.

Na huyo panya hajawahi kukaa Kenyatta Market tangu asubuhi mpaka jioni, wasusi watatu wakimvuta kichwa kila mmoja upande wake. Hajawahi kuvaa mkia wa farasi uliobana mpaka nyusi zimepanda.

Sasa, kuna kielelezo kizuri zaidi. Mwaka 1990 Philpott na wenzake kule Uingereza walichapisha kazi ambayo watafiti wa nywele wanaitumia mpaka leo. Walichukua vipande vya ngozi vilivyobaki kwenye upasuaji wa kukaza uso, wakatoa vinyweleo vya binadamu vikiwa vizima, wakaviweka kwenye kisahani chenye maji ya virutubisho. Vikaendelea kutoa unywele, karibu milimita 0.3 kwa siku, mwendo unaokaribiana na wa kichwani. Kwangu hiyo ni kazi ya maana, hata kama kisahani hakina damu inayozunguka, hakina mshipa wa neva, hakina mtu anayevuta, na kinyweleo hakidumu humo muda mrefu.

Lakini hapo ndipo nauliza swali linalonikosesha usingizi: hivyo vinyweleo hutoka kwa nani? Hutoka kwa watu waliokwenda kukazwa uso, na kwa watu wanaopandikizwa nywele, ambapo daktari huchukua za kisogoni. Nadhani hata bila takwimu unaweza kukisia wanaolala kwenye vitanda hivyo kule Ulaya na Marekani. Wengi wao sio dada yako wa Kayole mwenye paji linalorudi nyuma.

Na msiniambie ati unywele ni unywele. Kinyweleo cha nywele za kipilipili kimepinda ndani ya ngozi yenyewe. Mwaka 2005 watafiti wa L'Oréal walionyesha kwamba hata ukikitoa na kukiweka kwenye kisahani, kinabaki kimepinda na unywele unatoka umejikunja. Yaani umbo linapangwa kwenye mzizi, chini kabisa. Nafurahia sana huo utafiti kwa sababu mbili. Moja, chupa inayoahidi kubadilisha aina ya nywele zako kwa kupaka juu inakudanganya. Ya pili ni kubwa zaidi: inaonyesha kwamba nywele zetu zinaweza kuwekwa kwenye kisahani. Walishafanya. Kwa hivyo mtu asije na kisingizio cha ati ni ngumu.

Sayansi yenyewe imekimbia mbali tangu hapo. Mwaka 2020 kundi la Karl Koehler lilionyesha kwenye jarida la Nature ngozi ya binadamu iliyooteshwa kutoka kwa seli shina, yenye vinyweleo vyake, baada ya miezi minne, mitano ya kuilea. Seli za namna hiyo zinaweza kutengenezwa kutoka kwa mtu yeyote, hata mimi na wewe. Sioni sababu ya sisi kukosa kwenye hiyo foleni.

Kwa nini nakazana hivi? Kule Cape Town, Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake walipima watu halisi, wasichana wa shule na wanawake. Asilimia 17 ya wasichana na karibu asilimia 32 ya wanawake walikuwa wamepoteza nywele za pembeni kwa sababu ya kuvutwa. Hiyo ni karibu mwanamke mmoja kwa kila watatu. Mwanzoni nywele hizo hurudi ukiacha kuvuta. Ukiendelea miaka, kinyweleo kinaweza kufa na kovu kukaa mahali pake, na hakuna mafuta yanayootesha kovu. Kuna pia ule upara unaoanzia utosini na kutanuka, unaowapata sana wanawake wenye asili ya Afrika. Miaka mingi walilaumiwa kwa vile wanavyotengeneza nywele. Mwaka 2019 ndipo watafiti, Profesa Ncoza Dlova wa Afrika Kusini akiwemo, walipoonyesha kwamba baadhi yao wana mabadiliko kwenye jeni inayoitwa PADI3. Walianza na wanawake wenyewe, sio na mgongo wa panya.

Kwa hivyo chupa isiyofanya kazi haikuli pesa peke yake. Inakula ile miezi ambayo nywele zako bado zingeweza kurudi.

Kampuni inayouza hapa na kuchukua mia nane zetu iandike wazi: panya, kisahani, ama watu, na kama ni watu, nywele zao ni za aina gani. Vyuo vyetu na hospitali zetu zikusanye vipande vya ngozi ya kichwa kutoka kwa wanaokubali, kwa kuwaomba vizuri na kuwaeleza, sio kuwachukulia kimyakimya. Na sisi wa kamera, bana, tuache kusoma karatasi tuliyopewa. Kuna kampuni moja iliniletea ripoti ya kurasa mbili, yote panya. Nikawauliza mmejaribu kwa nywele za kipilipili? Tiki mbili za bluu, mpaka leo.

Wewe uliyesukwa wikendi, shika paji sasa hivi. Kama kuna vipele vidogo ama linauma, fungua hiyo mistari ya mbele leo usiku, usingoje ikae wiki mbili ndio pesa isipotee. Na kama ngozi ya pale mbele imeanza kung'aa na kuwa laini bila matundu, tafuta daktari wa ngozi kabla hujanunua chupa nyingine, hata kama aliyekuuzia ni mimi.