Santorini: abiria 8,000 kwa siku, lakini mlango wa kisiwa ni ule ule mwembamba

Kisiwa cha Santorini, kusini mwa Ugiriki, kina wakaaji karibu 15,500. Mwaka wa 2023 kilipokea wageni karibu milioni 3.4. Kati yao, milioni 1.3 walifika kwa meli kubwa za utalii, zile zinazobeba maelfu ya watu, zinatia nanga asubuhi na kuondoka jioni. Tangu mwaka wa 2025, manispaa imeweka kikomo: abiria wa meli hizo wasipite 8,000 kwa siku. Mwezi wa saba mwaka huo huo, serikali ya Athens nayo ikaanza kutoza kodi kila abiria anayeshuka.

Hatua hizo mbili zimesifiwa sana Ulaya, ambako miji mingi ya pwani inalalamika juu ya wingi wa watalii. Lakini ukitazama namna bandari ya Santorini inavyofanya kazi, unaona kwamba hesabu ya siku nzima haielezi taabu yenyewe.

Tuanze na umbo la mahali. Santorini ni mabaki ya mlima wa volkano uliolipuka zamani sana, ukabomoka katikati, bahari ikaingia. Wasomaji wa Goma hawana haja ya maelezo marefu juu ya kuishi karibu na volkano. Kilichobaki ni ukuta wa miamba unaozunguka maji yenye kina kirefu mno. Mji mkuu, Fira, uko juu ya ukuta huo, zaidi ya mita 200 kutoka baharini. Meli kubwa haziwezi kufunga kamba kwenye gati kama zinavyofanya Mombasa au Dar es Salaam. Zinasimama ndani ya ghuba, na mashua ndogo za chama cha waendesha mashua wa kisiwa zinawachukua abiria na kuwaleta nchi kavu.

Wengi wanashushwa kwenye bandari ya zamani, chini kabisa ya Fira. Kutoka hapo kuna njia tatu za kupanda. Ya kwanza ni ngazi, zaidi ya 580. Ya pili ni kupanda punda au nyumbu kwenye ngazi hizo hizo. Tangu mwaka wa 2018 sheria ya Ugiriki inakataza kumbebesha mnyama mzigo unaopita kilo 100 au sehemu moja ya tano ya uzito wake. Ya tatu ni teleferiki, yaani vyumba vidogo vinavyovutwa na waya hadi juu. Hiyo ndiyo inayotakiwa na karibu wote, kwa sababu abiria wengi wa meli hizi ni watu wazima sana, na jua la mwezi wa saba ni kali.

Sasa tufanye hesabu. Teleferiki ina vyumba sita vya kupanda, kila kimoja kinachukua watu sita. Ni watu 36 kwa safari moja, na safari inachukua kama dakika tatu. Hata ingetembea bila kupoteza dakika moja ya kupakia na kushusha, haiwezi kupandisha zaidi ya watu 720 kwa saa moja. Watu 8,000 wangehitaji zaidi ya masaa 11 kupanda wote, na meli nyingi hazikai masaa hayo. Halafu lazima washuke tena, karibu wote kwa wakati mmoja, kwa sababu kila meli ina saa yake ya kuondoka.

Ni kweli, si wote wanapita hapo. Wale waliolipia matembezi ya kuongozwa wanapelekwa kwa mashua hadi Athinios, bandari nyingine ya kisiwa, ambako bisi zinawasubiri. Lakini Athinios ndiyo pia bandari ya meli za kawaida zinazotoka Piraeus na visiwa vingine, zikileta wakaaji, magari, vyakula na mizigo ya maduka. Barabara inayotoka hapo inapanda ukuta wa mlima kwa kona kali, na ni moja tu. Bisi kumi zikikutana na malori yanayoshuka, kila kitu kinasimama. Mgonjwa anayetakiwa kusafirishwa naye anasimama hapo hapo.

Kwa hiyo taabu ya Santorini ni ya saa zaidi kuliko ya siku. Meli mbili zenye abiria 3,000 kila moja zikifika pamoja saa mbili asubuhi zinaleta msongamano mkubwa kuliko meli nne ndogo zilizopishana toka asubuhi hadi usiku. Ndiyo maana mfumo wa kugawa nafasi za kutia nanga una uzito kuliko ile namba 8,000 iliyochukua vichwa vya habari. Namba ni rahisi kutangaza. Kuambia kampuni kubwa ya meli kwamba itafika saa nane mchana badala ya asubuhi, hapo ndipo pana vita, maana kila kampuni inataka abiria wake wafike kijiji cha Oia kabla ya wengine na wapige picha za nyumba nyeupe bila vichwa vya watu mbele.

Wazo la 8,000 lenyewe si jipya. Manispaa, chini ya meya Nikos Zorzos, ilikuwa ikilitaja kabla ya korona. Kilichosukuma mambo ni msimu wa mwaka wa 2024. Tarehe 23 mwezi wa saba, mshauri mmoja wa manispaa aliandika kwenye mtandao akiwaomba wakaaji wapunguze kutembea siku hiyo kwa sababu ya wingi wa abiria waliotarajiwa. Hesabu zilizotangazwa zilianzia 11,000 na kufika 17,000. Watu walikasirika, na ujumbe ukaondolewa. Hasira ilikuwa ya haki: mwenye nyumba kuombwa ajifungie ndani ili mgeni apate nafasi ya kupita. Mwezi wa tisa, waziri mkuu Kyriakos Mitsotakis akatangaza kodi mpya kwa abiria wa meli za utalii.

Kodi hiyo inabadilika kulingana na msimu na mahali. Santorini na Mykonos, visiwa vinavyobanwa zaidi, abiria analipa euro 20 toka mwezi wa sita hadi wa tisa, euro 12 katika mwezi wa nne, wa tano na wa kumi, na euro 4 wakati wa baridi. Bandari zingine za Ugiriki ni euro 5, 3 na 1. Siku moja ya kiangazi yenye abiria 8,000 inaweza kuingiza euro 160,000. Ni pesa nyingi kwa manispaa ndogo, ingawa haiendi yote kwake: inagawanywa kati yake na wizara za serikali kuu.

Je, euro 20 zitamfanya mtu asishuke? Ni vigumu kuamini. Mtu aliyelipa mamia au maelfu ya euro kwa safari ya wiki moja, na ambaye Santorini ndiyo picha iliyomfanya anunue tiketi, hatabaki ndani ya meli kwa ajili ya euro 20. Kodi hii haipunguzi watu, inakusanya pesa. Hilo si kosa, kama pesa zinarudi kwenye maji, takataka, barabara na bandari. Lakini serikali iliileta kama dawa ya msongamano, na hapo lazima tuseme wazi kwamba ni vitu viwili tofauti.

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi sana. Ukiondoa wale milioni 1.3 wa meli za utalii, wanabaki wageni milioni 2.1 waliofika kwa ndege na kwa meli za kawaida. Hao ndio wanaolala kisiwani. Ndio wanaooga, wanaotumia maji yanayotengenezwa kwa kuondoa chumvi ya bahari, wanaojaza mabwawa ya hoteli. Na kwa sababu yao vyumba vinapangishwa kwa usiku mmoja kwa bei ambayo mwalimu au daktari aliyetumwa na serikali hawezi kulipa kwa mwezi. Abiria wa meli kubwa anakula na kulala ndani ya meli. Taabu yake ni kwamba anaonekana. Maelfu wanafika pamoja, wanajaza njia mbili tatu za Fira na Oia, na jioni wamekwenda. Kuwawekea kikomo ni rahisi kisiasa, kwa sababu wanaacha pesa kidogo na hawana hoteli za kuwatetea. Wenye hoteli na nyumba za kupangisha ni wapiga kura. Meya Zorzos amekuwa akisema kwamba kisiwa kimejaa na ujenzi usimame, lakini ruhusa nyingi zinatoka Athens.

Wanaoumia na kikomo nao wapo. Wauza maduka karibu na kituo cha teleferiki, waendesha mashua, wenye punda, waongozaji, madereva wa bisi: kwao abiria wa masaa sita ndiye mkate. Kila meli inayokataliwa ni siku pungufu ya kazi, na msimu wenyewe ni wa miezi michache. Watu hao si matajiri wa kisiwa, na haitoshi kuwaambia kwamba wageni wachache watatumia zaidi. Labda watatumia zaidi, lakini mezani mwa hoteli yenye mtazamo wa ghuba, si kwa mwenye punda.

Santorini haiko peke yake. Palma, kwenye kisiwa cha Mallorca nchini Uhispania, ilipatana na kampuni za meli kwamba toka mwaka wa 2022 zisifike zaidi ya meli tatu kwa siku, na moja tu kati yao iwe ya kubeba zaidi ya watu 5,000. Dubrovnik, mji wa pwani wa Kroatia, iliamua mwaka wa 2019 kupokea meli mbili kwa siku. Huko Marekani, wakaaji wa Bar Harbor, mji mdogo ulio kisiwani katika jimbo la Maine, walipiga kura mwezi wa 11 mwaka wa 2022 kuweka kikomo cha watu 1,000 wanaoshuka kwa siku. Wafanyabiashara wa hapo hapo wakaenda mahakamani, na mwezi wa pili mwaka wa 2024 jaji wa shirikisho akaacha sehemu kubwa ya uamuzi wa wapiga kura isimame. Tofauti inaonekana. Palma ilizungumza na kampuni na kupata kikomo kikubwa. Bar Harbor ilipiga kura, ikapata kikomo kikali na kesi juu yake.

Upande ambao kwa maoni yetu ungepaswa kuzungumzwa kwanza ni wa usalama. Mwezi wa nne mwaka wa 2007, meli ya utalii Sea Diamond iligonga mwamba ndani ya ghuba ya Santorini. Watu karibu 1,600 walilazimika kuokolewa, wengi kwa mashua za wakaaji wenyewe, na Wafaransa wawili hawakuonekana tena. Meli ilizama na iko chini hadi leo. Halafu mwezi wa pili mwaka wa 2025, ardhi ilitikisika kwa wiki nyingi, tetemeko moja likafika kipimo cha 5.3. Zaidi ya watu 11,000 walihama, shule zilifungwa, na mamlaka ikaomba watu wasikaribie bandari ndogo zilizo chini ya miamba, pamoja na bandari ya zamani ya Fira. Ilikuwa majira ya baridi, kisiwa kikiwa karibu kitupu. Mambo kama hayo yakitokea katikati ya mwezi wa nane, watu elfu kadhaa watakuwa wamepanga mstari chini ya mwamba ule ule, wakisubiri vyumba vinavyobeba watu 36.

Wakaaji wa ziwa Kivu wanaelewa hesabu ya namna hii. Mwezi wa kumi mwaka wa 2024, boti iliyotoka Minova ilizama ikiwa inakaribia bandari ya Kituku, mjini Goma, ikiwa imejaa kupita kiasi, na makumi ya watu wakafa. Kwa siku kadhaa hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika walikuwa wangapi ndani. Santorini ni ulimwengu mwingine, na abiria wake wana orodha yenye jina na namba ya chumba. Kwa Wakongomani, visiwa vya Ugiriki vinajulikana zaidi kwa jambo jingine kabisa: Lesbos na Samos, ambako ndugu wengi walisubiri miezi na miaka kambini wakiomba hifadhi. Lakini swali la bandari ni lile lile kila mahali: nani anahesabu watu kabla hawajafika, na ana nguvu ya kusema basi?

Kwa Santorini, jibu litategemea ratiba. Kampuni za meli zinapanga safari na kuuza tiketi miaka miwili mbele, kwa hiyo nafasi zinazogawanywa sasa ndizo zitakazoonyesha kama manispaa inaweza kutawanya masaa ya kufika au inahesabu vichwa tu. Kodi ya euro 4 ya wakati wa baridi iliwekwa ili kuvuta meli kwenye miezi mitupu. Tatizo ni kwamba miezi hiyo upepo unazuia mashua kushusha watu, na maduka mengi ya Fira yamefungwa.