Kifafa Si Aibu ya Kufunikwa



Ramadhani iliyopita, adhuhuri ikiwa imepita, nilikuwa nje ya stesheni ya reli ya kisasa hapa Syokimau nikimngoja mgeni kutoka Mombasa. Miongoni mwa abiria walioteremka alikuwamo binti mmoja na mamaye. Ghafla binti alianguka, mwili ukakakamaa, kisha mikono na miguu ikaanza kutupatupa. Mmoja akataka kumtia kijiko kinywani, mwengine akaleta kiberiti anusishwe. Mama alivua leso akamsitiri mwanawe, huku akikariri kwamba ni uchovu wa safari na saumu.

Binti alipozindukana tuliwakalisha kivulini, na mama akaniambia ukweli. Mwanawe ana kifafa tangu utotoni, na vidonge vilikuwa vikimtuliza. Lakini posa imeingia nyumbani. Ikaonekana heri vidonge visionekane, na mwezi wa mfungo ukawa sababu ya kuviacha.

Ndugu zangu, wazee wetu waliuhusisha mtukutiko wa watoto na ndege, tukauita degedege. Jirani zetu Wamijikenda husema nyuni, nao wakikusudia ndege vilevile. Hawakuwa wajinga: waliliona jambo la kutisha wakalitafutia jina. Leo tunajua kwamba chembe za ubongo huzungumza kwa ishara za umeme, na katika kifafa nyingi hupiga ishara kwa pamoja kupita kiasi. Mtu haambukizwi kifafa kwa kumgusa mgonjwa, wala kwa povu lake.

Sehemu ya elimu hii imetoka Pwani yetu wenyewe. Kilifi kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilichoanza mwaka 1989. Watafiti wake waligundua kwamba watoto walionusurika malaria kali iliyoshika ubongo wana hatari zaidi ya kupata kifafa baadaye. Mwaka 2013 ulitangazwa utafiti mkubwa uliofanywa Kilifi, Ifakara nchini Tanzania, Iganga na Mayuge nchini Uganda, Kintampo nchini Ghana na Agincourt nchini Afrika Kusini. Ulionyesha kwamba kifafa kinahusiana na matatizo ya wakati wa mimba na kuzaliwa, majeraha ya kichwa na vimelea, akiwemo tegu wa nguruwe. Wala tusijiambie kwamba sisi hatuli nguruwe. Mayai ya tegu hutoka katika choo cha mtu aliyeambukizwa, na huweza kumfikia yeyote kwa mikono au mboga zisizooshwa.

Maana yake ni kwamba baadhi ya kinga imo mikononi mwetu: chandarua, kliniki ya wajawazito, kujifungua penye mkunga mwenye ujuzi, kofia ya pikipiki, na sabuni kabla ya kupika.

Tiba nayo ipo. Phenobarbital imetumika kwa kifafa tangu mwaka 1912, na bei yake ni nafuu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Lakini dawa ikikatwa ghafla, mtukutiko huweza kurudi kwa nguvu, hata kuhatarisha maisha. Kabla ya Ramadhani, muulize daktari kama dozi inaweza kupangwa kwa futari na daku. Isipowezekana, sharia imempa mgonjwa ruhusa ya kula, na ruhusa ya Mola si ya kuonewa haya. Mabinti na wake nao waulize mapema kuhusu dawa na uzazi, kwani sodiamu valproeti inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Hata hivyo, asiikatize mtu dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Ukimwona mtu ameanguka, ondoa vitu vigumu karibu naye, mwekee kitu laini chini ya kichwa, legeza mtandio shingoni na umlaze ubavu mtukutiko ukitulia. Usimtie kitu kinywani wala usimkandamize. Ukizidi dakika 5, au ukirudi kabla hajazindukana, mpeleke hospitali.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba mwanamke mmoja alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akamweleza kwamba huanguka na mwili wake hufunuka. Alihiyarishwa baina ya subira yenye malipo ya Pepo na kuombewa afya. Akachagua subira, akaomba tu asifunuke, naye akaombewa. Mama huyo alitaja maradhi yake kwa ulimi wake, hakuona haya. Alichotaka kusitiriwa ni mwili wake.

Leso ya yule mama pale stesheni ilikuwa sitara njema. Kuficha vidonge hakukuwa sitara. Nilimsihi awaambie wakwe watarajiwa mapema, kabla ya mahari, kwani ndoa haijengwi juu ya jambo lililofichwa. Wakiondoka, wataondoka kabla mwanawe hajaumia nyumbani kwao. Wakibaki, atakuwa na mume anayejua namna ya kumlaza ubavu. Jioni hiyo binti alimeza kidonge chake mbele yetu, bila kujificha.

Wabillahi tawfiq.